Marehemu Hadaiwi Kitu

Jumatatu moja ya mwezi wa tano mwaka 1991, saa moja na nusu asubuhi, Mukandekezi alikuwa anafagia kibaraza cha duka la mume wake huko Nyamirambo, tarishi wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, akaja na karatasi mbili. Moja ilikuwa ya kijani, nyingine nyeupe. Alimwomba atie sahihi kwenye daftari, naye akatia. Ndani ya duka, nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, cherehani ilikuwa imekwisha kuanza kazi. Tarishi alisikiliza kidogo, akasema Nkusi ni mtu wa bidii, akashuka na barabara yake.

Nkusi Ramazani alikuwa amekufa tangu mwezi wa kumi na mbili.

Walimkamata Oktoba, wiki ile ile vita ilipoanza mpakani, pamoja na rafiki yake Usumani, mshona kofia, ambaye walikuwa wanagawana kibaraza. Wanajeshi waliwaita ibyitso, yaani washirika wa adui, jina ambalo wiki hiyo liligawiwa bure na kila mtu alipata fungu lake. Walilazwa siku nne kwenye uwanja wa mpira, kisha wakapelekwa gerezani. Huko Nkusi alishikwa na tumbo la kuhara, akafa kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Usumani. Maji yaliyokuwa kwenye kopo yalitosha uso na mikono tu, kwa hiyo Usumani akamwosha uso na mikono, sehemu iliyobaki akaimaliza kwa vumbi la ukutani. Asubuhi lori likamchukua. Usumani mwenyewe aliachiwa mwezi wa nne bila karatasi yoyote, kama alivyokamatwa bila karatasi yoyote.

Cherehani haikusubiri habari hizo. Ilianza kushona peke yake siku ya pili baada ya Nkusi kukamatwa, na ilifuata saa zake. Ilifungua saa moja na nusu, ikasimama kwa sala ya adhuhuri, na Ijumaa ilifunga saa tano na nusu kabisa. Ilishona vitambaa ambavyo wateja walikuwa wameviacha. Jioni Mukandekezi alifungua kufuli, akazikuta nguo zimekunjwa mezani, akatia mashine mafuta, akabadilisha uzi, akaacha kitambaa kingine. Nguo zilikaa vizuri mwilini. Hata ule mchezo wa Nkusi ulikuwemo. Kila shati au koti, kitufe cha mwisho alikiacha kinalegea makusudi, ili mteja arudi kukaziwa, wapate kusalimiana.

Watu wa mtaa hawakulizungumza sana jambo la cherehani. Wakati ule kulikuwa na mambo makubwa zaidi ya kutoyazungumza.

Mukandekezi alitaka kitu kimoja tu: karatasi inayosema kwamba Nkusi amekufa, na amekufa wapi. Hakutaka pole wala fidia. Alitaka iandikwe. Alikwenda gerezani mara tatu, na mara zote tatu askari wa mlangoni alifungua daftari nene, akapitisha kidole, akasema hakuna Nkusi aliyeingia, na mtu ambaye hakuingia hawezi kufia ndani. Kwenye komini, karani wa vizazi na vifo, dada mmoja aitwaye Spès, alimwambia kwa upole kwamba kifo kinaandikwa kwa karatasi ya mahali kilipotokea. Hakuna karatasi, hakuna kifo.

Upande wa dini mambo yalikuwa mepesi. Usumani aliporudi na habari, sheikh alihesabu kuanzia siku ya kufa, akamwambia Mukandekezi amebakiwa na siku kumi na moja za eda. Alizikaa zote. Msikitini wakamsalia Nkusi sala ya ghaibu kwa kuwa maiti hawakuwa nayo, na baada ya salamu sheikh akasimama na kuuliza kama ilivyo desturi: yeyote aliyekuwa anamdai marehemu aseme sasa, maana roho ya Muislamu hufungwa na deni lake. Hakuna aliyesema. Usumani akanyanyuka katika safu ya pili. "Likitokea deni lolote," alisema, "hilo liko juu yangu." Watu wote wakasikia.

Wiki mbili baadaye ndipo zikaja zile karatasi mbili.

Mukandekezi alijua kusoma Kinyarwanda, na herufi za Kiarabu alizijua tangu madrasa. Karatasi zilikuwa za Kifaransa. Alichoelewa ni jina la Nkusi juu, tarakimu katikati, na mstari mmoja mwekundu ambao haukuhitaji lugha. Usumani aliziangalia kwa muda mrefu.

"Dawa ya deni ni kulipa, shemeji," alisema.

"Subiri kwanza. Usilipe kitu. Niache niulize."

Usumani aliitika kwa kichwa, jinsi mtu anavyomwitikia mfiwa.

Alianzia komini. Spès akamweleza kwamba ile ya kijani ni yao, ni patanti, kodi ya kufungua duka. Mwezi wa pili mkaguzi alipita mtaani, akasikia mashine, akaandika duka linafanya kazi.

"Mwenyewe alikufa, dada."

"Mama, mimi nakusikia. Lakini mashini iko inashona. Kama mashini iko inashona, mwenyewe iko." Aliinua ile nyeupe. "Na hii haiko ya hapa. Hii iko ya ofisi ya kodi, kule mujini. Wale wakitoa jina kwa kitabu yao, na sisi tunatoa. Anza na wale."

Mjini alipigwa danadana siku mbili. Siku ya kwanza alipanga foleni mpaka saa tisa, akaambiwa dirisha hilo ni la kodi ya magari. Siku ya pili alipelekwa kwa mtu wa kodi ya nyumba, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, akamsifu kwa kueleza vizuri, halafu akamwambia si kwake. Siku ya tatu akafika kwenye meza ya mwisho ya ghorofa ya kwanza, alipoketi mtu mmoja mwembamba aitwaye Habiyaremye. Alikuwa amevaa shati ambalo kitufe chake cha mwisho kilikuwa kinalegea.

Habiyaremye aliitandaza karatasi mezani, akamfundisha kuisoma.

"Watu wote wanaangalia huku juu, mama. Huku juu iko yule anakutisha. Wewe angalia huku chini, hizi herufi ndogo. Huku chini iko yule wa kumulilia, na siku ngapi umebaki nazo."

Chini, kwa herufi ambazo mchwa angezisoma kwa taabu, paliandikwa jina la idara, namba ya meza, na kwamba mdaiwa anaweza kuweka pingamizi ndani ya siku thelathini. Meza ilikuwa ile ile aliyokuwa ameegemea.

"Sababu ya kupinga ni gani?" Habiyaremye aliuliza, kalamu mkononi.

"Amekufa. Alifia gerezani."

Habiyaremye aliandika kama alivyoambiwa. Hakuinua macho. Halafu akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi, kwamba ofisi haiwezi kumfuta mlipa kodi kwa neno la mdomo, lakini pia hairuhusiwi kuacha kuchunguza. Itaandika barua gerezani. Na gereza litajibu.

"Mimi hawanijibu," Mukandekezi alisema.

"Gereza inaweza kunyamazia mujane. Kodi haiwezi kuinyamazia. Ile iko feza ya Leta, ya serikali." Alipiga muhuri. "Kitu kimoja tu, mama. Mpaka jibu lije, usilipe hata faranga moja. Ukilipa, umekubali."

Mukandekezi alirudi Nyamirambo kwa miguu ili apate muda wa kulitafakari. Serikali iliyokuwa imemchukua mume wake mchana kweupe na kusema haimjui, sasa ingelazimika kuulizana yenyewe kwa yenyewe iko wapi mali yake. Hakuwa amefurahi tangu Oktoba. Siku hiyo alinunua nyama nusu kilo, akapika na ndizi, akala akashiba. Kwa Usumani alisema tu kwamba mambo yanakwenda na asubiri. Hakumweleza zaidi, kwa kuogopa kwamba jambo likisemwa sana huharibika.

Usumani alisubiri siku ishirini na nne. Hakulala vizuri hata siku moja. Kila akifumba macho alikuwa anaona kopo lile, na maji yasiyotosha. Alikuwa ameshindwa kumwosha rafiki yake, ameshindwa kumfuata kwenye lori, na sasa lilikuwepo deni lenye jina na tarakimu, jambo moja ambalo mikono yake iliweza kulimaliza, na mwanamke anamwambia asubiri. Alifikiri hivi: shemeji anafuata karatasi yake kwa serikali, na hilo ni lake. Mimi nilijifunga mbele ya Mungu, na hilo ni langu. Ofisi hizi mbili hazijuani. Sadaka ya kumlipia maiti, tena, hufanywa kwa siri. Aliuza baiskeli, akauza redio, akashuka mjini.

Ilikuwa siku ya ishirini na tano. Mpokea fedha aliuliza jina.

"Nkusi Ramazani."

"Ni wewe?"

"Niko kwa nafasi yake," alisema Usumani, ambaye hakujua kusema uongo.

Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha jina la mlipaji na kisanduku cha sahihi. Cha nafasi hakikuwepo. Mpokea fedha aliandika kwamba mdaiwa amefika mwenyewe, amekubali deni, amelipa lote. Usumani akaweka sahihi pale alipoonyeshwa, akapewa kitansi, stakabadhi ya malipo. Alipitia msikitini akasali rakaa mbili, akarudi nyumbani, akalala usingizi wa kwanza tangu lile lori.

Siku ya thelathini Mukandekezi alivaa kitenge kipya, akapanda ngazi mpaka meza ya mwisho. Habiyaremye alimpa kiti. Alifungua kitabu kikubwa, akageuza ili naye aone. Mbele ya jina la Nkusi palikuwa na namba ya kitansi, tarehe, sahihi, na muhuri mpya ambao wino wake ulikuwa bado unang'aa.

"Mume wako alilipa Alhamisi," alisema.

Mukandekezi aliangalia ile sahihi. Aliijua. Ndiyo iliyokuwa ndani ya kofia zote za Usumani, imeshonwa kwa uzi mweusi.

Habiyaremye alivuta droo, akatoa bahasha ya kaki. Ilikuwa imetoka gerezani. Ilifika Ijumaa mchana, siku moja baada ya malipo, na ilikuwa bado imefungwa kwa gundi na muhuri.

"Hii ndiyo jibu," alisema. "Lakini dosiye, hii faili, imefungwa. Barua ya dosiye iliyofungwa inarudi kwa aliyeituma, bila kufunguliwa. Ndiyo sheria."

"Fungua tu. Soma. Sitamwambia mtu."

"Nikifungua, itabidi niiandike kwa kitabu. Nikiandika, wataniuliza niliifungulia nini."

"Basi niishike."

Alimwacha aishike. Ilikuwa nyepesi, karatasi moja tu ndani. Mukandekezi aliinyanyua kuelekea dirishani, na katika mwanga aliona mistari mitatu iliyopigwa kwa taipureta, myeusi katika ukaki, isiyosomeka. Mistari mitatu ilitosha kusema hatumjui. Ilitosha pia kusema alifika tarehe fulani, alikufa tarehe fulani, alizikwa mahali fulani. Aliishika mpaka watu wa foleni wakaanza kukohoa. Habiyaremye alikuwa ameinamisha macho. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Mwihangane, mama," alisema, neno la kumpa pole mfiwa, na bahasha akaiweka kwenye trei ya barua zinazotoka.

Ingekuwa rahisi kama Habiyaremye angekuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema, tena ndiye mwema kuliko wote katika jengo lile, na wema wake wote uliishia kwenye kumpa mjane kiti na kumwachia bahasha kwa muda wa dakika mbili. Lile jengo lilikuwa limejengwa juu ya watu wa aina yake.

Usumani alikuwa anamsubiri kibarazani, kitansi mkononi, uso umemnawiri.

"Shemeji, amekuwa huru," alisema. "Marehemu hadaiwi kitu."

Mukandekezi aliketi kwenye ngazi. Alimweleza habari ya bahasha kuanzia mwanzo, ile barua iliyotumwa, ile mistari mitatu, na neno alilokuwa ameambiwa kuhusu kulipa. Hakupandisha sauti. Usumani alisikiliza, na kitansi kikawa kinakunjika taratibu kati ya vidole vyake.

"Ulimlipia Mungu kwenye dirisha la serikali," Mukandekezi alisema.

Usumani alikaa pale mpaka cherehani ilipofunga kazi jioni. Kisha alikwenda kwa Spès, akajitolea kuapa kwamba alikuwa gerezani, kwamba Nkusi alifia mapajani mwake, kwamba sahihi ni yake. Spès alimuuliza ana karatasi gani ya kuonyesha kwamba alikuwa gerezani. Hakuwa nayo. Alimuuliza pia, kwa faida yake mwenyewe, kama anajua kifungo cha mtu anayeweka sahihi kwa jina la mwingine. Usumani akarudi nyumbani.

Tangu hapo Nkusi hakuchelewa kulipa kodi. Karatasi ya kijani na nyeupe zilikuja mwaka 1992 na mwaka 1993, na Mukandekezi alilipa zote kwa fedha iliyoletwa na cherehani, kwa sababu asingelipa wangeibeba cherehani yenyewe. Mwaka wa pili jina la Nkusi lilibandikwa kwenye ubao wa komini, katika orodha ya wafanyabiashara kumi na wawili wasio na deni. Lilipokuja suala la kuandikisha kiwanja kwa jina la Mukandekezi, aliambiwa mumewe aje asaini. Mtu mmoja alitaka kumwoa, mchuuzi wa nguo wa Gikondo, mtu wa heshima. Komini iliuliza atamwachaje mume aliye hai, tena mlipa kodi mzuri namna ile.

Wanawake walianza kuja kibarazani na karatasi zao. Wengine walitoka Gikondo, wengine ng'ambo ya bonde, na wengi waume zao walichukuliwa wiki ile ile. Mukandekezi aliwafundisha kuzisoma. Hapa juu ni anayekutisha, angalia chini, hapa ndipo pa kulilia, hizi ni siku ulizonazo, na usilipe hata faranga moja. Walikwenda moja kwa moja kwenye meza inayohusika, hawakupoteza siku hata moja kwa mtu wa magari. Huko waliambiwa kwamba utaratibu umebadilika. Kuanzia mwaka huo pingamizi la kifo lilitakiwa kuletwa na mdaiwa mwenyewe.

Mwezi wa pili mwaka 1994, Mugenzi, ambaye alikuwa nyumbakumi wao, mjumbe wa nyumba kumi, alikuja asubuhi na daftari la shule lenye jalada la bluu. Pamoja na daftari alikuwa na orodha ndefu iliyopigwa taipu. Alikuwa pia amekuja kuchukua koti lake. Cherehani ilikuwa inamalizia pindo.

"Mama, mumo wangapi kwa hii nyumba?"

"Niko mimi tu."

Mugenzi alipitisha kidole kwenye orodha. "Hapa iko Nkusi. Fundi. Patanti amelipa." Alisikiliza mlango, ambao nyuma yake kanyagio lilikuwa linapanda na kushuka. "Naandika wawili."

Aliandika wawili. Mbele ya kila jina aliandika kabila, kama lilivyo kwenye kitambulisho. La Nkusi hakuuliza, kwa kuwa lilikuwa kwenye orodha tayari.

"Hii orodha ni ya nini?" Mukandekezi aliuliza.

"Sijui, mama. Nimeambiwa kuandika. Labda iko ya kodi."

"Kama ni ya kodi, angalia chini. Chini huwa wanaandika ofisi gani, na siku ngapi za kupinga."

Mugenzi alikuwa mtu wa kusikia ushauri. Aliinua karatasi akaangalia chini. Akaigeuza, akaangalia nyuma. Mukandekezi naye akaishika, akaitafuta pembe kwa pembe, jinsi alivyofundishwa. Majina yalishuka mpaka ukingoni mwa karatasi. Palikuwa hapana jina la idara, hapana namba ya meza, hapana tarehe, hapana muhuri.

"Haiko kitu," Mugenzi alisema.

Cherehani ikanyamaza. Mukandekezi alifungua kufuli, akaingia, akatoka na koti limekunjwa vizuri. Mugenzi alilivaa pale pale kibarazani, akanyoosha mabega, akalisifu. Alifunga vitufe kimoja kimoja mpaka akafika kile cha mwisho, akakishika kati ya vidole viwili. Kilikuwa kinalegea.

"Hakuna neno," alisema, akichukua daftari lake. "Nitarudi."